Mji wetu Kisangani mbele ya kamera



Dada zetu wa Bukavu walituandikia wakituuliza, nusu kwa mzaha: «Ninyi watu wa Boyoma, zaidi ya samaki, mvua na toleka, muna nini ambacho mgeni anaweza kuja kutazama?» Tulicheka, kisha tukaanza kuhesabu. Samaki, kweli. Mvua, kweli kabisa. Toleka pia, ile baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma iliyotubeba sisi wote mbele pikipiki hazijajaa mjini. Lakini kuna jambo lingine ambalo hata wanafunzi wetu wa mwaka wa sita hawalijui, na tulipowauliza darasani walifikiri tunawadanganya: mji huu na mito yake vimeonekana katika filme ambazo watu wa dunia nzima wamezitazama. Watazamaji wengi hawakuambiwa kwamba ni hapa.

Basi tuwatembeze kidogo.

Kwanza mahali penyewe. Kisangani iko pale ambapo mto unaacha kuruka na kuanza kutembea. Kati ya Ubundu na sisi maji yanashuka maporomoko saba, kwa mwendo wa kilomita karibu mia moja, na hakuna mashua inayopita. Toka hapa kushuka mpaka Kinshasa ni kilomita zaidi ya 1.700, na njia yote mashua inapita. Kwa sababu hiyo Wabelgiji walijenga njia ya gari la moshi ya kilomita 125, toka ng'ambo ya kushoto, komini ya Lubunga, mpaka Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Ilimalizika mwaka 1906. Aliyetoka Léopoldville akitaka kupanda juu alipaswa kushuka hapa, kulala hapa, kununua chumvi na sabuni hapa. Wapiga filme nao walifuata njia hiyo hiyo ya wachuuzi.

Mgeni akifika siku hizi tunampeleka kwanza kwa Wagenia. Mnajua miti yao mikubwa iliyosimamishwa katikati ya mawe, iliyofungwa kwa kamba za porini, na vikapu vyenye mdomo mpana vinavyoshushwa ndani ya maji makali. Hakuna mpita njia mwenye kamera aliyeweza kuwaacha. Wao wenyewe wamekwisha kuelewa: ukitoa kamera, unatoa kwanza feza. Wageni wengine wanakasirika. Sisi tunaona ni haki yao, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Filme ya kwanza tunayotaka kuwasimulia ni The African Queen. Ilipigwa mwaka 1951. Kiongozi wake alikuwa Mmarekani John Huston, na wachezaji wakubwa walikuwa wawili, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Habari yake ilitoka katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester cha mwaka 1935: mlevi mwenye mashua ndogo na dada mmoja wa misioni wanashuka mto wakati wa vita ya 1914, wakitaka kuzamisha meli ya Wadachi iliyo ziwani. Katika filme mto huo unaitwa Ulanga na nchi ni Afrika ya Mashariki ya Wadachi, yaani Tanzania ya leo. Lakini sehemu kubwa ya mto ule unaoona si Ulanga. Ni Ruiki, mto mdogo wa upande wa Ubundu, wenye maji meusi kwa sababu ya majani yanayooza ndani yake. Huston alizunguka Afrika akitafuta mto, akaupenda huu kwa ule weusi wake. Mto wetu ulivaa jina la mwingine, kama mtoto anayeitika jina la kaka yake kwenye kuita majina.

Walijenga kambi katika kijiji cha Biondo, nyumba za mianzi na majani, na waliozijenga ni watu wa pale. Wazungu walisimulia baadaye kwamba asubuhi ya kwanza wanakijiji waliokodiwa hawakuja kazini, kwa sababu walisikia kwamba wageni hawa wanakula watu. Wazungu walicheka sana. Sisi hatukucheka vile. Mtu wa Ubundu ambaye babu yake alisimulia kazi ya mpira wakati wa Leopold II, kwa nini asijiulize mgeni anakula nini?

Kamera ya rangi ya wakati ule ilikuwa mzigo wa kubebwa na watu wengi. Walifunga vyelezo nyuma ya mashua: kimoja cha kamera, kingine cha taa, kingine cha mashine ya umeme, na cha mwisho kibanda cha Bibi Hepburn cha kubadilishia nguo, chenye kioo chake na choo chake. Mashua ilishindwa kuvuta msafara ule kwenye kona za Ruiki. Kipi kilikatwa kwanza? Wamama mnajua jibu mbele hatujasema. Kibanda cha mwanamke kilikatwa.

Kisha usiku mmoja mashua yenyewe ilizama, ikabidi kuivuta juu kwa kamba na kwa mikono. Mikono ya nani, hakuna haja ya kuuliza. Na magonjwa: karibu kundi zima lilishikwa na kuhara damu. Walipona wawili tu, Huston na Bogart, na wenyewe walisema ni kwa sababu hawakugusa maji, walikunywa wiski. Hepburn aliyewaonyesha mfano mzuri kwa kunywa maji ndiye aliyekonda mpaka watu wakaogopa. Hatuandiki haya ili mpeleke habari ya wiski kwa baba watoto! Maji yale yalikuwa na kasoro, na hata leo vijiji vingi vya njia ya Ubundu wanachota mtoni. Mama mmoja wa kundi letu aliyezaliwa kule aliposikia habari hii alisema tu: «Wangetuuliza sisi, tungewaambia wachemshe.»

Mke wa Bogart, Lauren Bacall, alikuwapo pia. Yeye pia alikuwa mchezaji mwenye jina, lakini katika filme hii hakuwa na sehemu. Alimfuata bwana wake, akasaidia jikoni na kuangalia wagonjwa. Kazi ile haikuonekana kwenye kitambaa cha sinema. Toka kwetu walikwenda Uganda, Butiaba, kando ya ziwa Albert, na yale ambayo wachezaji wanaingia ndani ya maji yalimaliziwa katika studio Uingereza, kwa kuogopa magonjwa ya mtoni. Mwaka 1952 Bogart alipata Oscar. Mwaka 1987 Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya safari ile.

Hapa tuwageukie kidogo dada zetu wa Kalemie, maana habari hii ina mzizi kwao. Meli ya Wadachi katika kitabu cha Forester inafuata meli ya kweli ya ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Na vita ya kweli ya ziwa lile ilitoka kwenye ng'ambo yenu: Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa gari la moshi mpaka Katanga, wakazivuta juu ya milima ya Mitumba, wakazishusha Kalemie. Desemba 1915 walikamata mashua ya kwanza ya Wadachi, Februari 1916 wakazamisha ya pili. Götzen wenyewe Wadachi waliizamisha karibu na Kigoma wasiwaachie adui. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Bibi zetu wengi wa Tanganyika waliisafiria na mizigo yao ya dagaa, bila kujua kwamba wamekaa ndani ya filme.

Turudi Kisangani. Miaka saba baada ya Huston, mwanzoni mwa 1958, alikuja mwingine, Fred Zinnemann, na mchezaji mwingine anayeitwa Hepburn. Hawakuwa ndugu. Huyu ni Audrey Hepburn, aliyezaliwa Brussels. Filme yao, The Nun's Story, ilitoka mwaka 1959. Ni habari ya masere Mbelgiji, muuguzi, anayetumwa Kongo. Habari ilitoka katika kitabu cha Kathryn Hulme, naye aliifuata maisha ya mwanamke wa kweli, Marie Louise Habets, aliyefanya kazi ya uuguzi Kongo mbele ya vita ya pili kisha akaacha utawa.

Kwa sisi wamama, filme hii inaumiza mahali fulani. Masere anakuja akiwaza kuwahudumia watu weusi. Akifika anaambiwa hapana, wewe utakwenda hospitali ya wazungu. Filme haielezi sana jambo lile, inalipitia kama amri ya utawa inayomfundisha unyenyekevu. Lakini bibi zetu waliozaa watoto katika miaka ile wanajua maana yake: hospitali mbili, vitanda viwili, ndani ya mji mmoja. Tulipoitazama kwenye ordinateur ya mwalimu mwenzetu, mama mzee aliyekuwa nasi hakumtazama Hepburn. Alitazama nyuma yake, akitafuta mitaa. «Rudisha,» alisema. «Rudisha tena.» Alirudishiwa mara nne. Alitaka kuona tu watu wanaopita.

Na wakubwa wawili wa Kongo katika filme ile, Kalulu na Illunga? Kalulu alichezwa na Orlando Martins, mtu wa Nigeria. Illunga alichezwa na Errol John, mtu wa Trinidad. Wakongomani wa kweli wako wengi, lakini wako kwa wingi wao, bila majina.

Ukishuka mto kwa pirogi ya mashine, si mbali, unafika Yakusu, misioni ya Wabaptisti wa Uingereza yenye hospitali iliyofundisha wauguzi wetu tangu zamani. Ng'ambo yake kuna Yalisombo, kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Muganga wao alikuwa Stanley Browne, Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu zaidi ya miaka ishirini, mtu aliyejulikana duniani kwa ajili ya ugonjwa huo. Zinnemann alikwenda kupiga picha Yalisombo. Katika miaka ile dawa mpya ilikuwa imeanza kuponya watu kweli kweli, na mgonjwa aliweza kurudi nyumbani kwake. Filme ilitaka ukoma wa kutisha na wa kuhuzunisha. Yalisombo ilikuwa mahali ambapo watu wanapona. Hilo, kwa maoni yetu, lingekuwa filme nzuri zaidi.

Filme ile ilitajwa kwa Oscar nane, haikupata hata moja.

Tunafundisha historia, basi mturuhusu neno moja. Katika mwaka ule 1951, Huston akipita Stanleyville na masanduku yake, kijana mmoja alikuwa karani wa posta ya Serikali: Patrice Lumumba. Oktoba 1959, mwaka wenyewe wa filme ya masere, chama chake kilifanya mkutano hapa, watu wakauawa katika machafuko, naye akafungwa. Juni 1960 uhuru. Kamera kubwa za rangi zilikuwa hapa mara mbili katika miaka ile, na mara mbili zilitazama upande mwingine.

Baada ya hapo kamera zilizokuja ni za habari za vita. 1964 na waasi Simba na askari wa miamvuli wa Ubelgiji. 1997. 1999. Kisha Juni 2000, vita ya siku sita, tarehe 5 mpaka 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana wao kwa wao ndani ya mitaa yetu, mabomu yakianguka kwa maelfu juu ya nyumba za watu wasio na bunduki. Sisi tunaoandika tulikuwa watoto. Hatutaki kusimulia zaidi. Lakini bila siku sita zile hamtaelewa filme zinazofuata, na hizi ndizo tunazozipenda.

Dieudo Hamadi amezaliwa Kisangani mwaka 1984. Alianza masomo ya uganga, akayaacha akashika kamera. Yeye anapiga watu wa kweli katika maisha yao ya kweli, hana wachezaji wa kukodi.

Filme yake Examen d'État ya 2014 ilitukuta sisi waalimu kifuani. Inafuata wanafunzi wa Kisangani wanaojitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Wengi wamefukuzwa darasani kwa sababu wazazi hawajalipa prime ya waalimu. Wanakutana wenyewe ndani ya nyumba moja, wanaita «maquis», wanasoma usiku, wanaombewa kalamu zao, wanatafuta pia namna ya kununua majibu. Kuna waalimu walioudhika nayo wakisema inatuaibisha. Sisi tuliitazama mara mbili. Mwalimu anayemtoa mtoto nje kwa sababu ya prime, naye jioni hana unga nyumbani, yuko pale bila kupakwa rangi nzuri wala mbaya. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya Serikali ni bure, lakini sekondari wazazi wanaendelea kulipa, na mama anayeuza chikwange ili mtoto aandike Exetat atajiona ndani ya filme hii tangu dakika ya kwanza. Mfano wa kununua majibu, hapo tunawaambia wazi kwamba hatukubali. Mtoto aliyepata diplome kwa simu ya mtu mwingine tunampokea ISP mwaka unaofuata, na tunaona.

Ya pili ni Maman Colonelle, 2017. Kolonel Honorine Munyole wa polisi, mwanamke mjane, amefanya kazi miaka mingi Bukavu katika ulinzi wa wanawake na watoto. Anahamishwa. Wamama wa Bukavu wanalia, mtakumbuka, maana wengine wenu mlimjua. Anafika kwetu Kisangani, anapewa nyumba mbovu ya kazi, anaanza upya. Wa kwanza kumjia ni wajane na wamama wa vita ya siku sita, waliobakwa mbele ya watoto wao na ambao kwa miaka kumi na kitu hakuna aliyewauliza hata habari gani. Wa pili ni watoto waliofungiwa na kuteswa kwa kusingiziwa ulozi. Kolonel anawachukua wote wawili, wajane na watoto, anawaweka pamoja. Hana bajeti. Anakwenda kuomba michango kwa watu, makuta kwa makuta. Kuna saa wamama wale wanabishana mbele ya kamera nani ameumia zaidi, na mtu anataka kuficha uso. Filme inaacha. Tulishukuru kwamba imeacha, kwa sababu katika vikundi vyetu mabishano hayo yapo na kwa kawaida tunayafunika.

Ya tatu ni En route pour le milliard, ya 2020, filme ya kwanza ya Kongo kuingia katika uchaguzi rasmi wa Cannes. Watu wa Kisangani waliokatwa miguu na mikono na mabomu ya Juni 2000 wanapanda mashua ya mbao wakishuka mto mpaka Kinshasa kudai malipo. Mvua inawanyeshea chini ya maturubai, miguu ya bandia inafungwa na kufunguliwa, wanapika, wanagombana, wanaimba. Njia ile ile ya mto. Lakini sasa wanaoshuka ni wenyeji, na mto unaitwa kwa jina lake. Kinshasa hawafunguliwi mlango waliotaka. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilikwisha kusema Uganda ina kosa. Tarehe 9 Februari 2022 iliamuru ilipe Kongo dola milioni 325, kwa ajili ya Kisangani na ya Ituri pia. Kwa upande wa Rwanda mahakama ile ilisema haina uwezo wa kuhukumu. Kuna mama wa mtaa wetu anayeweka karatasi zake zote za madai ndani ya sanduku la bati, pamoja na picha ya bwana wake. Tukiongea juu ya filme, yeye anauliza tu kama kuna tarehe.

Sasa jambo la nyumbani, na ndilo lililotufanya kuandika. Mwaka jana watu wenye kamera walikuja sokoni kwetu, hatutaji ni akina nani. Walipiga wamama wa mboga na wa samaki siku tatu, wakawauliza mambo mazito, mmoja wao akalia, wakamwambia aendelee. Waliahidi kurudi kuonyesha. Hawakurudi. Mama yule mpaka leo hajui uso wake uko wapi na nani anautazama. Wagenia wanaodai feza kwanza wametushinda sisi wote kwa akili.

Kikundi chetu kimepatana maswali ya kuuliza mbele ya mtu kuwasha kamera. Unaitwa nani, na nani anakutuma? Picha zitaonyeshwa wapi? Nikisema acha, utaacha? Watoto wangu wataonekana? Tutaziona sisi lini, na hapa hapa Kisangani? Na siku ya kazi niliyopoteza, nani anailipa? Tumeyaandika kwa Kiswahili na kwa Lingala upande wa nyuma wa karatasi ya michango. Vikundi vingine mkitaka nakala, mtuandikie kwa njia ya gazeti.

Kuhusu Maman Colonelle, tumepata kuiazima. Wanaongea Kiswahili na Lingala, kwa hiyo hakuna mama atakayehitaji mkalimani. Tutaionyesha Jumamosi saa kumi na moja jioni katika chumba cha darasa la sita. Kila mmoja alete kiti chake na franka 500 za mafuta ya jenereta. Watoto wadogo wabaki nyumbani na dada zao, filme hii si ya umri wao. Wajane wa Juni 2000 wanaingia bure, na viti vya mbele ni vyao.